Hayo maneno ya nani?

Ugomvi mwingi wa kuandikiana mtandaoni ukiufuatilia mpaka ulikoanzia unakuta mada yenyewe wala haina shida, shida ni nani kasema nini. Mtu anaibuka kwenye uzi wenye komenti mia na ushee, anaandika "Hapana, hili nakataa", katoka zake, na nyuma yake watu sita wanaanza kujitetea kila mmoja akijua kaambiwa yeye. Kumbe mwenyewe alikuwa anamjibu mtu mmoja, tena kwa kasentensi kamoja ka katikati ambako wengine hata hawakukaona. Hakunukuu. Angeikata ile sentensi akaiweka juu ya jibu lake kesi ingeishia palepale.

Mimi ni mtu wa kukaa humo kwenye mijadala, nasoma kuliko ninavyoandika, na kitu kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba haya mambo ya kukwoti, kuruka mstari, kuweka nyota na mishale, ambayo wageni huwa wanayaona kama sheria za wakongwe wanaojisikia, karibu yote yanajibu swali moja: hapa anaongea nani, na anamjibu nani. Ukishalishika hilo huna haja ya kukariri kanuni, nyingi utazibuni mwenyewe. Ana kwa ana hatuhangaiki nalo maana macho yanamaliza kazi, nakugeukia wewe wenzetu wanajua zamu ni yako, sauti ikipanda wanajua nimekasirika, nikimuigiza fulani nabadilisha koo na wote wanajua hapo siyo mimi. Kwenye maandishi hivyo vyote havipo, kuna herufi tu, kwa hiyo inabidi herufi zenyewe zifanye kazi ya shingo na ya macho.

Alama iliyobeba mzigo mkubwa kuliko zote ni huu mshale, >. Ukiuona mwanzoni mwa mstari ujue yanayofuata ni maneno ya mwingine. Ulizoeleka kwenye barua pepe na kwenye Usenet, ule mtandao wa mijadala waliobuni wanafunzi wa Marekani Tom Truscott na Jim Ellis mwaka 1979 ukaanza kazi 1980, enzi ambazo skrini ilikuwa inaonyesha herufi tupu, hakuna rangi wala boksi la kijivu la kuwekea maneno ya mtu. Programu inachukua ujumbe wa mwenzako, inabandika mshale mbele ya kila mstari, wewe unaandika chini bila mshale. Ukijibiwa tena mishale inakuwa miwili, ikifika mitatu ujue hayo ya zamani kidogo, na kwa kuhesabu tu mishale unajua nani ni nani. Na kinachonifurahisha ni kwamba wazo lenyewe ni kuukuu mno: karne ya 2 kabla ya Kristo, huko Alexandria, Misri, msomi Aristarchus alikuwa anachora kialama chenye umbo hilohilo la > pembeni mwa mistari ya Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki, ambayo ana la kusema juu yake, na baadaye sana wanakili wa Kikristo wakawa wanakiweka pembeni kuonyesha kwamba hapa yananukuliwa Maandiko, mwandishi kanyamaza. Kinaitwa diple. Kwa hiyo ukiona kijana anakwambia mishale ni mambo ya kizee mwambie ndiyo, tena ya kizee kuliko anavyodhani.

Sasa kukwoti kulivyokuwa rahisi ndo watu wakakuharibu. Unabonyeza kitufe kimoja ujumbe mzima wa mwenzako unamwagika kwenye boksi lako, afu mtu anauacha hivohivo, gazeti zima la mleta mada, aya kumi na mbili, na chini kabisa kaandika "Asante mkuu". Kwenye simu unaskroli wee mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Anakuja wa pili anamjibu huyo wa asante mkuu na yeye anakwoti vyote, gazeti ndani ya gazeti. Kwenye Usenet kero hii ilifika mahali baadhi ya programu zikawa zinakataa kabisa kutuma ujumbe ambao maneno ya kunukuu yamezidi maneno mapya, na watu si unawajua, badala ya kupunguza wakawa wanabadilisha mshale wanaweka alama nyingine ili programu isishtuke, au wanaongeza mistari ya takataka chini kujazia hesabu. Oktoba 1995 ukatoka waraka wa adabu za mtandaoni, RFC 1855, alioandika Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, na kuhusu hili umesema jambo fupi: ukijibu, fupisha kilichosemwa, au weka maneno ya mwanzo kwa kiasi cha kumfanya msomaji aelewe unajibu nini. Kiasi hicho tu. Sijaona popote kanuni iliyoiboresha hiyo.

Ila kukata nako kuna kisu chake. Ukikata vibaya unamuwekea mtu maneno mdomoni bila kuongeza hata herufi moja, na huu ndo ujanja unaoniudhi kuliko hata matusi kwa sababu aliyefanya anaweza kukuangalia usoni akakwambia "si maneno yako hayo?" Na kweli ni yako. Wewe uliandika "Sheria hii ni nzuri kama watakuwepo wa kuisimamia, na sioni watakaoisimamia", yeye kakwoti "Sheria hii ni nzuri" halafu kakushambulia aya nne kwa kuitetea.

Mfano mkubwa wa mkato wa aina hii haukutokea hata mtandaoni, ulitokea kwenye telegramu. Tarehe 13 Julai 1870 mfalme Wilhelm wa Prussia, dola ya Wajerumani, alikuwa kwenye mji wa Bad Ems, balozi wa Ufaransa, Benedetti, akamfuata kumtaka aahidi kwamba hakuna wa ukoo wake atakayewania tena kiti cha ufalme wa Hispania. Mfalme alikataa, kwa ustaarabu tu, na baadaye akamtuma msaidizi wake kumwambia balozi kwamba hana la kuongeza. Taarifa ya hayo ikaandikwa na Abeken, ofisa aliyekuwa naye, ikapelekwa kwa waziri mkuu wake, Bismarck, huko Berlin. Bismarck akaipunguza. Kazi aliyofanya kwa sehemu kubwa ni kukata, akaondoa zile lugha za kulainisha na yale maelezo ya mambo yalivyoenda, kikabaki kitu kifupi kikavu ambacho Mjerumani akikisoma anaona balozi kamkosea heshima mfalme, Mfaransa akikisoma anaona mfalme kamfukuza balozi kama mbwa, akakipeleka magazetini. Tarehe 19 Julai Ufaransa ikatangaza vita. Vita ilikuwa na sababu zake nyingine nzito na Bismarck alijua anachokitafuta, sisemi kwamba mkato peke yake ndo uliua watu, lakini mimi nikiona mtu kanukuu nusu sentensi na nukta kaiweka yeye, huwa naikumbuka ile telegramu.

Kwa hiyo ukikata, acha alama. Nukta tatu ndani ya mabano ya mraba, [...], zinatosha kumwambia msomaji kuna kitu kilikuwepo hapa nimekitoa, ukitaka kakisome kwake. Ukiongeza neno la kufafanua nalo liingie kwenye mabano hayohayo, yaani mwenzako kaandika "alikataa" na wewe unajua msomaji hatajua nani, unaandika "[mwenyekiti] alikataa". Ukikuta kosa la herufi kwenye maneno ya mtu kuna njia mbili, uliache kama lilivyo au uweke [sic], neno la Kilatini la kusema "ndivyo lilivyoandikwa", mara baada yake, na hii ya pili ushauri wangu itumie pale tu kosa linapoweza kumpoteza msomaji, maana kwenye mabishano [sic] inanuka kejeli kutoka mbali, ni kama kumwambia mtu "tunajadili uchumi ila kwanza wote mcheki huyu hajui kuandika". Na ukitia herufi nzito ndani ya maneno ya mwenzako ili kuonyesha sehemu unayoilenga, sema kwamba uzito ni wako. Maneno matatu tu, "msisitizo ni wangu". Bila hivyo umempandishia sauti mtu ambaye alikuwa anaongea taratibu.

Halafu jina. Watu wanakwoti bila kutaja wamemkwoti nani, na kwenye mnyororo wa watu wanne unamkuta mtu anaulizwa maswali kuhusu kauli ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaipinga. Kwenye mifumo inayotumia vitambulisho vya mabano, ile BBCode, unaandika [quote], maneno ya mtu, halafu [/quote] yenye mkwaju ya kufungia, na kuna sehemu ya kuweka jina. Ukisahau kufunga, kuna mifumo inayoliingiza jibu lako lote ndani ya boksi na inaonekana mwenzako ndo kayasema yote, pamoja na hiyo "sikubaliani na wewe hata kidogo".

Swali la jibu likae juu au chini ya maneno yaliyonukuliwa limegombanisha watu miaka na miaka, kuna wazee wa barua pepe ukiwaandikia jibu juu wanakuona umewavunjia heshima. Hoja yao ni nyepesi na ina maana, tunasoma kuanzia juu kwenda chini, sasa jibu likitangulia swali ni kama kusimuliwa mwisho wa hadithi halafu unaambiwa haya sasa tuanze. Programu za barua pepe za maofisini ndo zilizoeneza ule mtindo mwingine, kishale cha kuandikia kinakaa juu, unaandika, na chini kunabaki mkia wa barua zote tangu mwanzo wa dunia. Mimi sina ugomvi na jibu la juu kama tupo wawili tu na barua iliyopita naikumbuka. Ila mkiwa wengi na kuna hoja tatu, hakuna kinachoshinda kukata kila hoja, kuiweka, kuijibu chini yake, kisha inayofuata, msomaji anayekuja wiki ijayo anaelewa bila kuuliza. Nacho kina ugonjwa wake lakini, wapo wanaokatakata ujumbe wa mtu sentensi kwa sentensi, wanagombana na kila mkato na kila "labda", mpaka hoja iliyokuwa nzima inabaki vipande na hakuna tena anayekumbuka ilikuwa inasema nini. Jibu hoja. Sentensi ambazo hazina ugomvi ziache zipite.

Kwenye upande wa kupanga maandishi yenyewe, kwa sasa sehemu nyingi zinatumia Markdown, yaani namna ya kupanga maandishi kwa alama za kawaida za kibodi, au ndugu zake. Aliitoa John Gruber mwaka 2004, Aaron Swartz akamsaidia kwenye sarufi yake, na Gruber mwenyewe alisema kilichompa wazo zaidi ni namna watu walivyokuwa wanapanga maandishi kwenye barua pepe za herufi tupu, ndo maana mshale wa kunukuu umebaki uleule. Rahisi kujifunza ila ina mitego yake na mtego mbaya kuliko yote ni huu: umeweka > na maneno ya mtu, ukashuka mstari mmoja ukaanza kujibu. Wewe kwenye boksi lako unaona vimeachana. Ukituma, jibu lako linamezwa ndani ya nukuu, kwa sababu mfumo unaona ule mstari ni mwendelezo wa aya ileile. Lazima uache mstari mtupu katikati. Nimeona watu wawili wakibishana kutwa nzima kwa sababu hiyo tu, mmoja analalamika "mimi sikusema hivyo" na mwingine anaapa hajamsingizia, na wote walikuwa wanasema kweli.

Mstari mtupu huohuo ndo unaotenganisha aya. Kubonyeza enta mara moja sehemu nyingi hakusaidii kitu, mistari inaungana, unaishia na lile tofali la maneno ambalo watu wakiliona wanaandika "weka aya mkuu" wanaondoka. Alama ya reli, #, mwanzoni mwa mstari inageuza sentensi kuwa kichwa cha habari, ndo maana unamkuta mtu aliyetaka kuandika namba moja anaonekana anapiga kelele kwa maherufi makubwa kama bango. Ukianza mstari kwa mwaka na nukta, mathalani "1998. Huo ndo mwaka mgumu", mfumo unadhani unaanza orodha na kuna inayoubadilisha huo mwaka kabisa ukasomeka 1. Nafasi nne mwanzoni mwa mstari zinayatupa maneno yako kwenye boksi la msimbo wa kompyuta, msomaji anaanza kuburuza kulia kushoto. Nyota ndo vichekesho zaidi: kwenye Markdown nyota moja kila upande inalaza herufi na mbili zinatia uzito, wakati WhatsApp nyota moja inatia uzito na wa kulaza ni mstari wa chini, _hivi_. Anayehama kati ya hizo mbili kila siku mikono inachanganyikiwa. WhatsApp nayo ule mshale wa kunukuu imeuongeza mwaka 2024, pamoja na orodha za nukta na za namba, kabla ya hapo ulikuwa na kile kitu cha kujibu ujumbe kwa kuuvuta, ambacho ni kizuri ila kinabeba ujumbe mzima, huwezi kuchagua kipande.

Palipo na kitufe cha kuangalia kabla ya kutuma, kibonyeze. Ni sekunde mbili.

Kuhusu herufi nzito nina msimamo wa kibahili. Neno moja likiwa zito kwenye aya linaonekana, kumi yakiwa mazito hakuna linaloonekana, na ukianza kuchanganya uzito na rangi na herufi kubwa na emoji nne za moto msomaji anaruka kama anavyoruka tangazo. Herufi kubwa tupu ni kupiga kelele, hilo hata waraka ule wa 1995 ulishalisema, na walioandika vile hata wakiwa na hoja wanasomwa kama wanatoa povu. Ubaya zaidi ni hizi herufi za mapambo ambazo watu wanazikopi kutoka kwenye vijisaiti vya kutengenezea jina, zile zinazoonekana nzito au za mwandiko wa mkono sehemu ambayo mfumo hauruhusu. Zile siyo herufi zako zimewekwa uzito. Ni alama nyingine kabisa, ziliingizwa kwenye Unicode, ile orodha ya alama za maandishi zinazotumiwa na kompyuta, mwaka 2001 kwa ajili ya hesabu, ambako herufi nzito na ya kawaida zina maana tofauti kwenye fomula. Asiyeona anayesomewa skrini na programu anaweza kusikia "herufi nzito ya kihesabu A, herufi nzito ya kihesabu S", moja moja, au programu ikaruka neno zima kimya. Na mtu akitafuta hilo neno kwenye uzi mara nyingi halipati. Umelipamba mpaka umelificha.

Skrinshoti nazo ziko huko huko. Watu wanapenda kukwoti kwa picha kwa sababu inaonekana ni ushahidi, lakini picha ya maneno haitafutiki, haikopiki, anayesomewa skrini hapati kitu, na kwenye simu yenye skrini ndogo unaivuta kwa vidole viwili kama unatafuta mdudu. Afu inakatwa kirahisi kuliko maandishi, maana kwenye picha hakuna mabano ya kuonyesha kwamba juu palikuwa na ujumbe mwingine. Pale ambapo ujumbe unaweza kufutwa sawa, piga picha, ila andika pia maneno yenyewe chini, weka na linki kama bado ipo.

Maneno aliyokuandikia mtu pembeni, inboksi, hayo hata ukiyanukuu kwa usahihi wa herufi kwa herufi bado umekosea kama hukumuomba. Ule waraka uliliweka vizuri, ukipeleka ujumbe mbele usibadilishe maneno, na kama ulikuwa wa kwako binafsi omba ruhusa kwanza kabla ya kuumwaga kwenye kundi. Kuna wanaojitetea eti "nimeficha jina lake". Kwenye kundi la watu wanaojuana, mtindo wa kuandika ni jina tosha.

Cha mwisho ni kuhariri, na hapa sheria naiona inatakiwa kuwa kali kuliko inavyochukuliwa. Kabla hujajibiwa hariri unavyotaka, rekebisha herufi, futa aya, nani anajali. Ukishakwotiwa hali imebadilika, kwa sababu sasa kuna watu wamesimama juu ya maneno yako, wameyajibu, na ukiyabadilisha kimyakimya wao ndo wanaonekana wamechanganyikiwa, wanajibu kitu ambacho hakipo. Kosa la herufi sawa, lipitishe. Ukibadilisha maana, acha ya kwanza ionekane, ichore mstari katikati kwa mawimbi, ~hivi~ au mawili mawili kutegemea na mfumo, halafu chini andika "Nimehariri:" na useme ulichokibadilisha na kwa nini. Na wewe uliyemkwoti mtu kabla hajahariri, ukikuta kasahihisha na kasema wazi, rudi kwenye posti yako uongeze mstari kwamba mwenzako ameshalirekebisha, usiiache nukuu ya zamani inaning'inia hapo ili kila anayepita amcheke.